Linux na Programu Zilizofungwa: Habari ya Ugomvi wa Miaka Mingi

Leo nataka kuwapeni habari za kitu kiitwacho Linux. Mwalimu, tafadhali andika jina hilo ubaoni: L, I, N, U, X. Yamkini wengine hamjapata kulisikia, walakini wengi wenu mnatembea nayo mfukoni, maana kila simu yenye Android ndani yake mna Linux. Na zile mashine kubwa zinazohifadhi na kupitisha habari za intaneti, nyingi huendeshwa nayo. Tena wako watu waitumiao katika kompyuta zao za nyumbani na za ofisini, na habari ya leo ni ya hao hasa.

Kwanza tuelewane juu ya neno programu. Kompyuta bila ya maagizo ni sanduku tu. Maagizo yake ndiyo tuyaitayo programu. Mtu anayetunga programu huandika maagizo hayo kwa maneno na alama, mstari kwa mstari, na mwingine aliyejifunza kazi hiyo aweza kuyasoma na kuyaelewa. Haya tutayaita maandishi ya asili. Lakini kompyuta yenyewe haisomi maneno, yataka tarakimu. Basi maandishi ya asili hugeuzwa yakawa mfululizo mrefu sana wa tarakimu, na kompyuta hufuata hizo. Mtu akipewa tarakimu peke yake, programu itamfanyia kazi, lakini yeye hawezi kujua imeagizwa kufanya nini.

Ninyi mtalifahamu jambo hili upesi kuliko watu wengi. Mtu asiyejua kusoma akipata barua huipeleka kwa jirani amsomee. Jirani akiisoma yote, vema. Akiruka mstari, mwenye barua hana la kufanya. Hata hajui kwamba mstari umerukwa. Ndivyo alivyo mtu mwenye programu ya tarakimu tupu. Hana budi kuamini.

Programu ambayo maandishi yake ya asili yametolewa kwa watu wote, pamoja na ruhusa ya kuyasoma, kuyageuza na kuwapa wengine, huitwa programu huru. Ile ambayo mwenyewe ameficha maandishi yake, au amekataza watu wasiyaguse, tutaiita programu iliyofungwa. Angalieni, nimesema huru, sikusema bure. Waingereza hutumia neno moja kwa mambo hayo mawili, nao wamekuwa wakielezana tofauti yake kwa muda wa miaka arobaini. Sisi lugha yetu imetupunguzia kazi hiyo. Programu iliyofungwa yaweza kutolewa bure, na programu huru yaweza kuuzwa.

Sasa habari yenyewe. Inaanza Marekani, karibu na mwaka wa 1980, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Hapo pana chuo kikuu mashuhuri kiitwacho MIT, na chuoni palikuwa na mtungaji wa programu aitwaye Richard Stallman. Kazini kwao walikuwa na mashine ya kuchapia, nayo ilikuwa na tabia ya kukwama. Mtu alituma kazi yake akiwa mezani pake, akangoja, kisha akaenda kuchukua karatasi zake akakuta mashine imekwama zamani, na kazi za watu wengine kumi zimelala nyuma yake. Stallman alikuwa nayo maandishi ya asili ya programu ya mashine hiyo. Akaongeza mistari michache, hata ikawa mashine ikikwama huwapelekea habari wale wote wanaongoja, ili mmoja wao aende kuikwamua. Jambo dogo, lakini liliwafaa wote.

Kisha kampuni ya Xerox ikawapa mashine mpya, nzuri na yenye mwendo. Nayo ilikwama kama ile ya zamani. Lakini safari hii maandishi hayakuja. Zilikuja tarakimu tu, na Stallman hakuweza kuitengeneza. Akasikia kwamba katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon yuko mtu aliye nayo maandishi hayo. Alipopata nafasi ya kufika huko akamwendea, akamwomba nakala. Yule mtu akakataa, akasema ameahidi kutompa mtu yeyote.

Jambo hilo lilimwingia Stallman moyoni, wala halikumtoka. Mwezi wa Septemba, 1983, akatangaza kwamba atatunga mfumo mzima wa programu huru, akauita GNU. Januari, 1984, akaacha kazi MIT, chuo kisije kikadai haki juu ya atakayoyatunga. Mwaka wa 1985 akaanzisha shirika la kutetea programu huru, Free Software Foundation, na mwaka wa 1989 akatoa hati ya ruhusa, yaani leseni, iitwayo GPL. Leseni hii ina werevu wake. Inakuruhusu utumie programu, uisome, uigeuze na kuwapa wengine. Lakini ukiwapa, lazima uwape na maandishi yake, na haki zile zile ulizopewa wewe. Kwa hiyo mtu hawezi kuichukua programu huru, akaongeza lake, kisha akaifungia watu.

Hata ulipofika mwaka wa 1991, watu wa GNU walikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiini, maana yake ile programu ya chini kabisa inayoamrisha vyombo vya kompyuta: diski, kioo, kibodi na vinginevyo. Kiini hicho kilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, kijana wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds, alitangaza tarehe 25 Agosti, 1991, kwamba anatunga mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha. Mwanzoni alikataza watu wasiuuze. Mwaka wa 1992 akaliondoa katazo hilo, akauweka chini ya leseni ya GPL. Hapo kiini chake kikakutana na kazi ya GNU, na watu wakawa na mfumo mzima wa programu huru.

Lakini kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama vile injini ya gari iliyowekwa sakafuni haimfikishi mtu safari yake. Ikabidi watokee watu wa kukusanya kiini, programu za GNU, programu za kuandikia barua, za hesabu na za kuchora, wazipange zipatane, wampe mtu kitu kizima cha kuweka katika kompyuta yake. Kitu hicho nitakiita mkusanyo. Mwezi wa Julai, 1993, Patrick Volkerding alitoa mkusanyo uitwao Slackware. Mwezi uliofuata mwanafunzi mwingine wa Marekani, Ian Murdock wa chuo kikuu cha Purdue, akaanzisha Debian. Jina hilo ni la mapenzi: alichukua jina la mchumba wake, Debra, akaliunga na lake mwenyewe.

Nitakaa sana juu ya Debian, kwa sababu hiyo si mali ya kampuni. Hutengenezwa na watu wanaojitolea katika nchi nyingi, wapatao elfu moja wenye haki ya kura, nao hukata mashauri yao kwa kupiga kura mbele ya watu wote. Kwa hiyo ugomvi wao umeandikwa, na kila mtu aweza kuusoma.

Mwezi wa Julai, 1997, Bruce Perens akiwa kiongozi wao, watu wa Debian waliandika mapatano baina yao na umma. Ni karatasi fupi, yenye vifungu vitano. Kifungu cha kwanza kinaahidi kwamba Debian itabaki huru yote kabisa. Kifungu cha nne kinasema kwamba mambo mawili yatatangulizwa: watu wanaotumia mkusanyo, na programu huru. Mwalimu, andika hayo mawili ubaoni, moja kando ya jingine. Yakienda njia moja, hakuna neno. Yakiachana njia, kifungu hakisemi lipi limfuate mwenziwe. Kwa maoni yangu ugomvi wote nitakaowasimulia umelala ndani ya kifungu hicho.

Walijua wenyewe kwamba mambo yataachana. Kwa hiyo kifungu cha tano kinakiri kwamba wako watumiaji ambao kazi zao zinahitaji programu zilizofungwa. Programu hizo zikawekwa mahali pa peke yake katika ghala ya Debian. Watu wa Debian walizihifadhi, wakazipokelea habari za kasoro zake, walakini wakasema si sehemu ya Debian. Ni kama mwenye nyumba aliyemjengea mgeni kibanda uani. Halali ndani, lakini chakula anapata.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulihusu sura ya kompyuta. Zamani hizo mtumiaji wa Linux alikuwa akiandika amri kwa herufi. Watu walitaka madirisha na picha ndogo za kubonyeza, kama walivyoona katika kompyuta nyingine. Mwaka wa 1996 mwanafunzi wa Ujerumani aitwaye Matthias Ettrich alianzisha kazi hiyo, akaiita KDE. Ilikuwa nzuri, na watu waliifurahia sana. Lakini aliijenga juu ya programu ya kampuni moja ya Norway, iitwayo Qt, nayo haikuwa huru. Wengine wakasema, tazameni kazi yenyewe, nani anajali msingi? Wengine wakasema, nyumba iliyojengwa katika kiwanja cha mtu, siku moja mwenye kiwanja atakuja.

Basi mwezi wa Agosti, 1997, Miguel de Icaza wa Mexico na mwenzake Federico Mena wakaanzisha kazi ya pili ya namna ile ile, iitwayo GNOME, yote ya programu huru. Oktoba, 1998, Debian wakaiondoa KDE katika ghala yao, kwa kuwa leseni ya KDE na leseni ya Qt hazikupatana. Watumiaji wengi walikasirika. Mwaka wa 2000 kampuni ile ya Norway ikaitoa Qt chini ya GPL, na KDE ikarudi. Nani alishinda? KDE na GNOME zote mbili zipo hata leo, na sababu ya kuwapo kwa ile ya pili ni leseni ile iliyokuwa imefungwa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu lilimpata Torvalds mwenyewe. Yeye hakuwa mtu wa kushika sheria kama Stallman. Alisema atatumia chombo kinachomfaa. Kiini cha Linux kilikuwa kinatengenezwa na mamia ya watu walio mbalimbali duniani, kila mmoja akituma mabadiliko yake, na kuyapanga ikawa mzigo mkubwa. Mwaka wa 2002 akakubali kutumia programu iitwayo BitKeeper kuyatunza mabadiliko hayo. Programu hiyo ilikuwa imefungwa. Mwenyewe, Larry McVoy, aliwapa watu wa Linux bila ya malipo kwa sharti: anayeitumia asitunge programu ya kushindana nayo. Stallman na wengine walionya. Torvalds hakusikiliza, na kwa kweli kazi ilikwenda mbio kuliko zamani.

Yuko mtu wa Australia aitwaye Andrew Tridgell, fundi hodari. Yeye hakuwa mtumiaji wa BitKeeper, kwa hiyo hakuwa amekubali sharti lolote. Akaanza kuchunguza jinsi mashine ya BitKeeper inavyozungumza na wateja wake. Baadaye aliwaonyesha watu hadharani jinsi alivyoanza: aliiunganisha kompyuta yake na mashine ile, akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya msaada, na mashine ikamjibu kwa kumpa orodha ya amri zake. Watu walicheka sana. McVoy hakucheka. Mwezi wa Aprili, 2005, ruhusa ya kutumia BitKeeper bila ya malipo ikaondolewa. Torvalds alimlaumu Tridgell. Lakini lawama haikumrudishia chombo chake, na kazi ya kiini, iliyotegemewa na makampuni makubwa ya dunia, ikabaki haina mahali pa kuwekwa.

Torvalds akaacha kila kitu, akakaa kutunga chombo chake mwenyewe. Alianza tarehe 3 Aprili, na kufika tarehe 7 chombo hicho kilikuwa kimekwisha kuweza kuyatunza maandishi yake chenyewe. Akakiita git. Mwezi wa Juni mwaka huo huo kiini kipya cha Linux kilitolewa kwa kutumia git, na leo watungaji wengi wa programu duniani hukitumia, hata wale wanaotunga programu zilizofungwa. BitKeeper nayo ikafanywa huru mwaka wa 2016, wakati watu wachache tu walikuwa wakiikumbuka.

Nimewasimulia hayo kwa urefu kwa sababu yanaonyesha hatari ya programu iliyofungwa ilivyo. Haikuwa mbaya kwa kazi. Ilikuwa nzuri, tena bure. Lakini ruhusa yake ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alipokasirika, mamia ya watu wasiomkosea walisimama kazi.

Hata hivyo msidhani kwamba wanaopokea programu zilizofungwa ni wavivu au wapumbavu. Mwezi wa Oktoba, 2004, mtu wa Afrika ya Kusini, Mark Shuttleworth, alitoa mkusanyo mpya uliojengwa juu ya Debian, akauita Ubuntu. Neno hilo ni ndugu wa neno letu utu, mnalisikia. Alitaka mtu asiye fundi aweze kuitumia. Kwa muda wa miaka kadhaa, mpaka mwaka wa 2011, kampuni yake ilimpelekea diski mtu yeyote aliyeomba, bila ya malipo hata ya posta. Na tangu mwanzo Ubuntu iliamua kwamba vyombo vya kompyuta visivyofanya kazi ila kwa programu iliyofungwa, basi programu hiyo itatolewa pamoja na mkusanyo. Watu wengi sana waliingia katika Linux kwa mlango huo.

Na faida ya maandishi yaliyo wazi ilifika kwetu mwaka huo huo. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi waliichukua programu huru ya kuandikia na ya hesabu iitwayo OpenOffice, wakaigeuza maneno yake yakawa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, maana ruhusa ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya leseni.

Sasa nije kwenye fundo lenyewe. Katika kompyuta mna vyombo vidogo: cha kupokea intaneti bila ya waya, yaani wai-fai, cha kutoa sauti, cha kutoa picha kiooni. Kila kimoja kinahitaji programu ya kiini kukiamrisha. Zamani makampuni mengi hayakutaka kusema vyombo vyao vinafanyaje kazi. Kampuni ya Nvidia, inayotengeneza vyombo vya picha, iliwapa watu wa Linux programu iliyofungwa tu. Kiini cha Linux kina desturi ya ajabu juu ya jambo hili: ukiingiza programu iliyofungwa ndani yake, chenyewe hujiandikia alama ya doa. Ukipeleka malalamiko kwa mafundi kwamba kompyuta yako inaharibika, wakiiona alama hiyo huenda wasikusikilize, kwa sababu hawawezi kuchunguza wasichokiona. Mwaka wa 2012 Torvalds aliitukana Nvidia mbele ya watu huko Ufini, kwa tusi nisiloweza kulitamka redioni. Mwezi wa Mei, 2022, kampuni hiyo ikatoa maandishi ya asili ya ile sehemu inayoingia katika kiini. Sehemu nyingine ikaendelea kufungwa.

Lakini liko jambo la ndani zaidi. Vyombo hivi vidogo vyenyewe ni kompyuta ndogo, na kila kimoja kina programu yake ya ndani. Tuiite programu ya chombo. Katika vyombo vya zamani programu ya chombo ilitiwa kiwandani na kukaa humo daima, wala hakuna aliyeiona. Baadaye makampuni yaliona ni nafuu kukiuza chombo kikiwa kitupu. Kila kompyuta inapowashwa, mfumo wake hukipelekea chombo programu yake, ndipo kiamke. Programu hizo karibu zote zimefungwa. Mwenye kuzitoa ni kampuni, na Linux ni mchukuzi tu.

Je, mchukuzi ana kosa? Hapo watu wa Debian walibishana kwa karibu miaka ishirini. Mwaka wa 2004 walipiga kura kama waiondoe kabisa sehemu ile ya programu zisizo huru, wakaamua ibaki. Mwaka huo huo waliyarekebisha maneno ya mapatano yao, na wengi hawakutambua mpaka baadaye kwamba kwa maneno mapya hata programu za vyombo zilihesabiwa kuwa zisizo huru. Ikabidi wapige kura nyingine kuahirisha, ili toleo lililokuwa tayari lisizuiwe. Mwaka wa 2006 na wa 2008 wakapiga kura tena. Mwezi wa Februari, 2011, wakatoa Debian ya sita, na kwa mara ya kwanza kiini chake kilikuwa kimetolewa programu zote zilizofungwa. Ahadi ya kifungu cha kwanza ilikuwa imetimizwa.

Lakini sasa fikirini habari ya mtu aliyenunua kompyuta ya mkononi, isiyo na tundu la waya wa intaneti, akataka kuweka Debian. Anaanza. Debian inamwambia kwamba chombo chake cha wai-fai kinahitaji programu fulani, ambayo haimo, akaitafute kwenye intaneti. Na kufika kwenye intaneti kunahitaji wai-fai. Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake. Debian walikuwa na diski nyingine, zenye programu za vyombo ndani yake, lakini zilikuwa zimewekwa pembeni na kuitwa zisizo rasmi, hata mgeni hakuziona kwa urahisi. Anayezijua ni mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyeweza kujisaidia hata bila yake.

Tena liko jambo moja lililowagusa wengi. Vipofu huweza kuweka Debian katika kompyuta kwa msaada wa sauti, maana kompyuta huwasomea maneno yaliyo kiooni. Katika kompyuta mpya nyingi za mkononi chombo cha sauti nacho kikawa hakiamki bila ya programu iliyofungwa. Kwa hiyo mtu mwenye macho aliona kiooni kwamba kimekosekana kitu, akaweza kutafuta njia. Kipofu alisikia kimya. Hapo uhuru wa programu na haja ya mtumiaji vilikuwa vimeachana kabisa.

Mwaka wa 2022 Steve McIntyre, mmoja wa mafundi wanaotengeneza diski za Debian, alilileta jambo hili mbele ya wenzake. Wengine walitaka diski ziwe mbili, moja huru na moja yenye programu za vyombo, zionyeshwe sawasawa. Wengine walitaka mambo yabaki yalivyo. Wengine walitaka diski moja tu, yenye programu hizo ndani yake. Waliopinga walisema kwamba siku Debian itakapozibeba, makampuni hayatakuwa tena na sababu ya kuyatoa maandishi yao, na mtumiaji hatajua kwamba amepewa tarakimu asizoweza kuzisoma. Neno hilo lina uzito, nami sidhani kama lilijibiwa lote. Tena mapatano hayabadiliki ila wanaokubali wawe mara tatu ya wanaokataa.

Matokeo yakatangazwa mwezi wa Oktoba. Iliyoshinda ni shauri la diski moja, pamoja na kuongeza sentensi katika kifungu cha tano cha mapatano, inayoruhusu diski rasmi za Debian zichukue programu za vyombo kwa ajili ya kompyuta zinazozihitaji. Tarehe 10 Juni, 2023, ikatoka Debian ya 12 kwa desturi hiyo mpya. Programu za vyombo zilitengwa katika sehemu yake, mbali na programu nyingine zilizofungwa, ili anayezikubali hizi asilazimike kuzifungulia mlango na zile. Wakati wa kuweka mfumo, Debian huvikagua vyombo, hupakia programu zile tu zinazohitajiwa, na humjulisha mtumiaji. Asiyetaka aweza kuzikataa tangu mwanzo.

Wako waliokataa mpaka mwisho. Shirika la Stallman halijapata kuiweka Debian ya siku hizi katika orodha ya mikusanyo linayoikubali; hata ule mwaka wa 2011 ile ghala ya pembeni ilikuwa sababu ya kutosha. Katika orodha hiyo mna mkusanyo wa Hispania uitwao Trisquel, ambao kiini chake kimesafishwa kila kipande kisicho na maandishi yake ya asili. Anayeutumia, kompyuta yake ikiwa ya kisasa, mara nyingi huona wai-fai haifanyi kazi. Basi hununua kidude kingine cha wai-fai, cha namna isiyohitaji programu ya kupakiwa, akakichomeka ubavuni, akaendelea na kazi yake.

Muda wetu umekwisha. Kabla hamjatawanyika, mwalimu atawasomea tena kifungu cha kwanza na cha nne, kisha kila mmoja ainue mkono kuonyesha angalipiga kura gani mwaka ule wa 2022, naye aseme kwa nini. Kwaherini.